Taulo Sakafuni

Bwana Ashok alirudi kutoka semina ya wenye hoteli huko Nairobi na mkoba mmoja wa nguo na maboksi mawili ya kadi. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na nne, wakati mabomba ya Kisumu yalikuwa yakikohoa kutwa nzima huku ziwa lote limelala mbele ya veranda yetu. Ukiwa dobi wa hoteli yenye vyumba ishirini na vinne, huwezi kufua kwa kulitazama ziwa. Unangoja bomba.

Kadi zenyewe zilikuwa nzuri, sikatai. Alituita mimi na Benta, dobi mwenzangu, akatusomea kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi yake mwenyewe: "Mgeni mpendwa, ukitaka taulo yako ifuliwe, iangushe sakafuni. Ukiitundika, tutajua utaitumia tena. Ahsante kwa kuokoa maji na stima." Huko semina waliambiwa wageni wengine wataangusha na wengine watatundika, na hoteli itaokoa robo nzima ya maji.

Sisi hatukuokoa robo. Tuliokoa karibu yote. Wiki ya kwanza taulo zote zilikuwa zimetundikwa, isipokuwa moja ya chumba namba kumi na mbili, na namba kumi na mbili anakaa Bwana Ashok mwenyewe. Kila asubuhi taulo yake ilikuwa sakafuni, safi, bado inanukia sabuni ya jana. Kadi ilisema anayetaka aangushe, na yeye alitaka.

Akawa anashinda kwenye mita ya maji, anaichungulia kama mtoto mchanga, kisha anarudi ofisini akipiga mluzi. Siku moja mluzi ukaisha akatuambia kwamba mwisho wa mwezi wa sita dobi mmoja atatosha. Hakutaja jina, wala hakuwa na haja. Benta alikuwa pale tangu sabini na tisa. Mimi nilikuwa na miaka miwili tu. Niliogopa. Watu wananijua kwa mdomo, lakini jioni hiyo nilitembea hadi nyumbani, mtaa wa Manyatta, bila kugombana na mtu yeyote, na watoto wangu watatu wakaniuliza kama ninaumwa.

Tangu siku hiyo nikaanza kuzitazama zile taulo kwa jicho lingine. Iliyonishinda kabisa ilikuwa ya Mzee Ogola, namba saba. Yeye ni mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge, huja kila Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Taulo yake ikifika Alhamisi ungeweza kuisimamisha ukutani peke yake, na paka wa jikoni alikuwa ameanza kulala mlangoni pake.

Basi Alhamisi moja niliingia nikaiangusha mwenyewe. Ndiyo, mimi. Nilitaka niiokote kama nimeikuta hapo. Kabla sijainama, Mzee Ogola akaingia, amesahau kofia. Akaiona. Akainama yeye, na mgongo wake ule uliopinda, akaikung'uta, akaitundika tena pembe kwa pembe.

"Mos, nyar Nyakach," akasema. Huniita hivyo, binti wa Nyakach, kwa sababu kwetu ni Pap Onditi, huko huko Nyakach. "Pole sana. Imeanguka yenyewe. Mimi siwezi tupa kitu chini namna hiyo."

"Mzee, si usome kadi? Ukitupa chini ndio inafuliwa."

"Nimesoma. Nilisoma siku ya kwanza." Aliitazama ile kadi kama mtoto wa jirani asiyeamkia watu. "Sasa mimi nimekuja kwa watu, nimeoga, nimemaliza, halafu nitupe nguo chini ndio mama ya watu ainame aokote? Mama yangu akisikia hiyo atafufuka."

"Si ungeniambia tu?"

"Mnanipa chai, mnanipa kitanda, nianze tena kulia ati taulo?" Akavaa kofia. "Hapa ni kuzuri sana. Lakini wiki ijayo nitalala kule karibu na stendi. Usiambie Bwana Ashok, atasikia vibaya."

Hapo hofu yangu iligeuka hasira, na hasira ninaielewa zaidi. Nilichukua ile taulo nikashuka nayo hadi ofisini.

Bwana Ashok alinisikiliza, kisha akafungua kitabu cha wageni. "Hapa Mzee Ogola ameandika, 'Kila kitu kizuri, Mungu awabariki.' Wote wameandika hivyo!"

"Wangeandika nini, Bwana Ashok? Wako kwako."

Nikaiweka taulo juu ya kitabu. Alisogeza kiti nyuma mpaka kikagonga ubao wa funguo. Tukageuka wote wawili. Mwezi uliopita funguo za vyumba vitupu zilizobaki pale ukutani zilikuwa tatu. Sasa zilikuwa kumi na moja.

"Nilifikiri ni mvua," akasema polepole. "Haya. Waulize wewe, mdomo unao. Lakini mita ikirudi pale ya zamani, ile maneno ya mwisho wa mwezi ni ile ile."

Kesho yake, wakati wa chai ya asubuhi, nilikunja mikono ya gauni nikapita meza kwa meza. "Umeamkaje, Baba? Nikufulie taulo leo?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia litakalotokea. Mgeni anainua macho, anaona mikono yangu iliyochubuka kwa sabuni, na uso wake unabadilika. "Ah, leo hapana, mama. Pumzika. Labda kesho." Meza ya pili, vivyo hivyo. Kadi haikuwa na mikono. Mgeni akifika siku ya tatu siulizi tena. Nasema, "Leo naichukua," nao wanashukuru kama nimewatua mzigo. Mzee Ogola peke yake ndiye niliyemchukulia kila siku ya pili, kwa sababu omena ni omena.

Mita ilipanda kidogo tu, haikufika hata nusu ya zamani. Funguo ukutani zikarudi nne. Mzee Ogola hakuhama. Lakini maneno ya mwisho wa mwezi Bwana Ashok hakuyafuta, nami sikuwa na nguvu ya kumuuliza.

Ikafika tarehe thelathini, mwezi wa sita, Alhamisi. Taulo ya Bwana Ashok asubuhi hiyo ilikuwa sakafuni kama kawaida, na kwa mara ya kwanza niliiacha hapo hapo. Aliposhuka akaketi na kujimiminia chai, nilikwenda nikasimama mbele ya meza yake.

"Umeamkaje, Bwana Ashok? Nikufulie taulo leo?"

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote.

"Leo hapana, mama," akasema. "Nitatundika. Nifulie kesho."

Kesho ilikuwa tarehe moja, mwezi wa saba.

"Kesho niko?" nikauliza, kwa sauti ndogo isiyonifaa kabisa.

"Utakuwa wapi?" Alichovya mkate kwenye chai bila kuniangalia. "Usipokuwa hapa, nani ataniuliza?"

Nilifurahi mpaka nikaipita meza ya Mzee Ogola bila kusimama, naye akaniita watu wote wakisikia: "Nyar Nyakach! Yangu chukua leo. Hiyo paka imenizidi."