Soketi za Kihoto

Kitu cha kwanza alichoona Samsam ni soketi. Katika nyumba zote alizowahi kuishi, soketi zilikuwa chini, mahali mtoto angeweza kutia kidole. Hapa Kihoto, mtaa wa kando ya ziwa, zilikuwa zimepandishwa hadi usawa wa mabega. Chini yake ukuta ulikuwa na rangi mpya ya krimu. Juu yake rangi ilikuwa ya zamani.

Alikaza leso iliyombeba mwanawe Najwa mgongoni. Aliacha shule darasa la tano, na mambo ya kununua nyumba yalikuwa ya mumewe Yaseen, fundi wa mabomba kule Olkaria. Pesa ndizo zilikuwa zake. Zilitoka kwenye shamba la Subukia aliloachiwa na marehemu baba yake, nalo liliuzwa mwezi wa tatu. Hilo halikuwahi kutajwa.

Mwenye nyumba, Mzee Jalal, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Thuo, broka wa nyumba, alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni.

"Boss, taja bei. Mzee hang'ati."

"Milioni moja na nusu," Yaseen akasema.

Maji yakamfika Samsam kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa baridi, yananuka magugu ya ziwani. Sakafu ilikuwa kavu, na viatu vya Yaseen vilikuwa vikavu. Ni buibui lake tu lililolowa. Samaki mdogo alipita katikati ya miguu yake, akaelekea jikoni.

"Hiyo ni bei ya choo peke yake," Thuo akasema, kisha akamwona Samsam. "Mathe, inua nguo kidogo. Nyumba hii hushika akina mama. Hata yule aliyekuwa hapa alizoea."

Samsam alitaka kuuliza yule mama alienda wapi. Badala yake akainua buibui.

"Milioni mbili," Yaseen akasema.

Maji yakapanda hadi kiunoni. Miguu ya Najwa ikaingia ndani, naye akaanza kupigapiga maji kwa furaha. 

Yaseen aligeuka. "Mama Najwa, umelowa."

"Ndiyo."

"Utabadilisha tukifika nyumbani."

Mzee Jalal alikuna ndevu. "Ongeza laki tatu, kijana wangu, halafu tusome Fatiha."

Yaseen akaongeza. Wanaume wakainua mikono. Thuo, ambaye ni mtu wa kanisa, alivua kofia akatazama chini kwa heshima. Fatiha ikishasomwa, neno halirudi. Baba yake Yaseen alinunua ng'ombe kiwete kwa njia hiyo, akamlisha hadi alipokufa. Kwa hiyo Samsam alikuwa na muda wa aya saba. Aliuona muda huo ukipita. Maji yalimpita kifua, yakamfika shingoni. Alimtoa Najwa mgongoni, akamkalisha mabegani.

"Amin," wakasema, wakajipangusa nyuso.

"Mathe pia aseme," Thuo akatania.

"Amin," Samsam akasema, na maji yakamgusa kidevu.

Wanaume walitoka kwenda kuangalia shimo la choo. Samsam alipanda juu ya ile ndoo ya Mzee Jalal na kuinua uso. Dari lilikuwa karibu. Chini ya rangi nyeupe zilionekana alama za viganja, vikubwa na vidogo, vimejaa kona nzima. Najwa aliweka kiganja chake juu ya kimoja kidogo. Kilimtosha.

Kupitia dirisha alimwona Yaseen akipima ua kwa hatua, akihesabu na kucheka. Maji yakafika mdomoni. Samsam aliyatema, akashika miguu ya mtoto kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti:

"Pesa ni za baba yangu, Yaseen. Na mimi sitaki nyumba hii."