Salamu Zilizopita Mbio

Mama Owino alifika kwenye duka la kompyuta la Mukesh Jumamosi asubuhi, amejifunga kile kitambaa chake cha kanisa, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kukataa chai. "Jeruto, nimekuja kuona ile kitu ya Owino," akasema. Jeruto alijua tangu zamani kwamba siku hiyo ingefika.

Kitu chenyewe, haki, kumweleza mtu ni kazi. Si mchezo, si sinema. Ni programu ndogo inayoingia kwenye diski moja ya kizamani, na ukiiwasha, kompyuta inaanza kuchora na kupiga muziki yenyewe. Rangi zinatiririka, milima inazunguka, na mwishoni majina yanapita chini ya skrini, salamu kwa marafiki. Basi. Haina faida hata ya ndururu. Miaka yote hiyo watu wenye akili zao waliwauliza Jeruto na wenzake, "Sasa hii ni ya kufanya nini?" na hakuna aliyewahi kuwajibu. Ilikuwa ya kupendeza tu! Kwani lazima kila kitu kiwe cha kufanya kitu?

Jeruto alichora picha na herufi, nukta kwa nukta. Nderitu alitunga muziki. Owino aliandika programu, na huyo ndiye alikuwa moto wa kuotea mbali. Jumapili walijifungia chumba cha nyuma cha duka la Mukesh, mbele ya mashine moja kuukuu waliyoiita Kobe kwa uvivu wake. Siku hizo hawakuwa peke yao. Vijana wa Gilgil walikuja na diski zao, wa mtaa wa Free Area na zao, wakashindana mpaka jioni, na aliyeshinda akanunuliwa soda. Kelele zake ungedhani ni harusi, na Mukesh, ambaye hakuelewa chochote, alikuwa akisimama mlangoni na kupiga makofi kuliko wote.

Lakini Owino alikuwa na kasoro moja, nayo ni kumpenda Kobe kupita kiasi. Kila mwendo wa picha aliupima kwa mwendo wa Kobe. Hakuweka saa ndani ya programu, hakuweka breki. Kobe alivyojikokota ndivyo picha zilivyokwenda, na zilikwenda vizuri ajabu. "Na mashine zingine je?" Nderitu alimuuliza siku moja. "Mwenye anataka kuona akuje hapa," Owino akajibu, akajipiga kifua. Wakacheka wote. Jeruto naye alicheka, tena sana.

Ukaja uchaguzi, ikaja Januari na fujo zake za kikabila. Moshi ulipoanza kuonekana mitaani, Owino alitoka kumfuata mamake sokoni. Mama alifika nyumbani kwa njia nyingine. Owino hakufika. Walimpata mochari, na Nderitu, aliyekula sahani moja naye tangu shule ya msingi, hakuweza kwenda kumzika kwa sababu ya jina lake tu, jina ambalo babake alimpa bila kumuuliza. Upuuzi gani huu! Mtu anaogopa kumlilia rafiki yake.

Mukesh alifunga duka wiki kadhaa. Alipofungua alileta kompyuta mpya, nyeusi, nyembamba, akawauzia watu wa vyuma chakavu zile za zamani zote. Jeruto alipouliza habari za Kobe, mzee alishika kichwa. "Ningejua, beti, binti yangu! Haki ya Mungu ningejua." Jeruto aliwafuata wale watu wa vyuma. Akakuta kasha la Kobe limelala kando ya uzio, tupu, kuku ametagia ndani. Alisimama pale akalia mbele ya kuku.

Na makundi? Yaliisha bila hata kuagana. Wa Gilgil wanachapisha kadi za harusi. Wa Free Area walitawanyika, wengine hawapokei simu. Chumba cha nyuma sasa kimejaa vijana wanaoweka picha zao kwenye intaneti, na ukiwaonyesha diski wanauliza kama ni ya kuwekea chai.

"Aliniambia nimo ndani," Mama Owino alisema sasa. "Hiyo Disemba nilikuwa namgombeza, kila Jumapili anakosa kanisa. Akaniambia, 'Mathe, wacha kelele, hata wewe nimekuandika kwa salamu.' Nikamwambia aende huko na ujinga wake." Akamtazama Jeruto. "Nyathina, mwanangu, nataka tu nijione."

Diski yenye salamu hizo Mama Owino mwenyewe ndiye aliyempa Jeruto, baada ya kuikuta katika koti la marehemu. Owino aliimaliza peke yake kabla ya Krismasi, na hakuna mwingine aliyewahi kuiona. Mwezi mzima Jeruto na Nderitu walihangaika nayo. Walijaribu programu za kupunguza kasi, ikakwama kwenye mlima wa kwanza. Nderitu akaifungua kutafuta majina, akakuta takataka tupu, kwa maana Owino alikuwa ameibana ili itoshe kwenye diski. Mwenye kujua kuifungua alikuwa chini ya udongo.

"Mama, hii mashine ni mpya," Jeruto alisema. "Inakimbia sana. Haitatoka vile yeye alitaka."

"Hata mimi sikuwa vile yeye alitaka. Washa."

Mukesh akamsogezea mama kiti karibu na skrini. Jeruto akabonyeza. Skrini ikametameta, spika zikatoa yowe moja fupi, kukawa giza.

Mama Owino alingoja, mikono magotini. "Inaanza saa ngapi?"

"Imeisha, mama."

Mukesh akageuka akajifanya anapanga nyaya.

"Rudia," mama akasema. Jeruto akarudia. Mwanga, yowe, giza. "Rudia. Mimi husoma polepole, unajua." Safari hii alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na kidole chake akakiweka tayari chini ya skrini, pale majina yanapopita, kama anavyofuata mistari ya Biblia. Mwanga ukampiga usoni ukaondoka. Kidole hakikuwa kimesogea.

Jeruto aliumia mpaka akaona afadhali kusema uongo kuliko kuendelea kukitazama kidole kile. "Nimeliona, mama," akasema. "Macho yangu yamezoea. Umo."

Mama Owino akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Januari uso wake ukachangamka. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Kwa herufi za manjano, zile nilizochora mimi."

"Ai, Owino!" Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akamshika Jeruto mkono kwa nguvu. "Sasa niambie. Ameandika jina langu, Rispa, ama ameandika Mama?"

Jeruto aliitazama skrini nyeusi. Kisha akabonyeza tena.