Maji ya Nyumba ya Kasike

Nyumbani kwetu neno kasike lilikuwa la kujivunia. Baba yangu, Don Crescencio, mkuu wa kijiji, alitukumbusha kila tukila tortia, chapati zetu za mahindi: lilikuwa cheo cha wakuu wa visiwa vya mbali baharini, Wahispania wakalibeba hadi milima yetu ya Oaxaca, wakawaita hivyo wakuu wa hapa, babu zetu wakiwemo. Sokoni lilikuwa na maana nyingine, ya bwana mkubwa anayemeza kijiji pamoja na mifupa yake. Mimi nikidhani hao wako vijiji vya watu.

Kiangazi kile mabomba ya majirani yalikauka, letu likaendelea kutoa. Baba alisema kisima chetu ni kirefu. Basi kila asubuhi niliwajazia wanawake ndoo mlangoni, nikajiona malaika.

Siku ya kazi ya kijiji kila nyumba ilileta jembe kufukua mtaro linamopita bomba la kijiji. Ada yetu ni moja: ukikuta kasoro kwenye kipande chako, unaitengeneza mwenyewe. Aliyegawa vipande ni Hermelinda, rafiki yangu ambaye nilimsimamia mwanawe ubatizo. Akanipa cha juu kabisa, karibu na chemchemi.

Jembe likagonga kitu. Bomba nene, jipya, limechepuka kutoka lile la kijiji. Nikaufuata kwa macho mstari wa udongo uliofukiwa juu yake, ukiteremka hadi ukuta wetu.

“Mungu wangu! Hermelinda, njoo uone!”

“Nione nini? Tumeliona zamani.”

“Na mkanyamaza?”

“Tumwambie nani? Kasike? Au binti yake, anayetugawia maji yetu kwa ndoo, nasi tunasema asante, mama, Mungu akuzidishie?”

Wanawake wote walikuwa wameegemea majembe, wananitazama. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Nilitamani ardhi inimeze.

“Kwa hiyo kipande hiki...”

“Nimekupa makusudi. Tulitaka ujionee.”

Baba akaja anahema, fimbo ya uongozi mkononi, riboni zilizofungwa kwenye fimbo zinaburuzika matopeni. Hakuwatazama wale wanawake.

“Fukia, Eufrasia,” akaninong’oneza. “Fukia, mwanangu. Usisahau wewe ni wa nyumba gani.”

Sikuwahi kumsikia baba akimbembeleza mtu.

“Sijasahau, baba,” nikasema. “Lakini kipande hiki ni changu.”

Nikainua jembe kwa mikono miwili, nikalipasua lile bomba.