Chanuo la Mfupa wa Ng'ombe

Siku hiyo mjinga alikuwa Fundi Tambo mwenyewe, na hata leo hakatai. Serikali ilikuwa imewapa wachongaji miaka mitatu kuachana na pembe za ndovu: kwanza waziandikishe, kisha waache kuziuza, mwisho wazisalimishe zote. Tambo alikuwa wa kwanza mtaani kusalimisha zake. Akageukia mifupa ya ng'ombe kutoka buchani, akaichonga mpaka ikasahau supu.

Ndipo akaingia mteja mwenye koti zuri. Akalishika chanuo lililokula wiki sita za Tambo, lenye msururu wa ndege kanga waliochongwa kwenye mpini, akabetua midomo.

"Mfupa tu huu, siyo?"

Mfupa tu! Mdomo wa fundi haukungoja ruhusa ya kichwa. "Mfupa gani, bwana mkubwa? Hiyo ni pembe ya ndovu, halisi!"

Mteja akatoa kitambulisho. Mkaguzi wa wanyamapori.

"Nilikuwa najigamba tu, mheshimiwa! Ni mfupa, naapa!"

"Laini hivi? Wote husema hivyo wakishanaswa." Akafungua begi, akatoa utepe na lakiri ya kufungia karakana. "Lete leseni."

Mke wa Tambo, ambaye ndiye aliyeng'arisha kila kitu humo ndani, hakubishana. Alilitwaa chanuo, akalibana kwenye jiliwa, akakamata msumeno.

"Mama watoto, usi—"

Krr, krr. Wiki sita zikaanguka vipande viwili. Mama akamsukumia mkaguzi kimoja.

"Huko nje nimejaza nta, huoni kitu. Tazama hapa palipokatwa. Pembe ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vitundu."

Mkaguzi akainamia kioo chake cha kukuzia. Akakigeuza kipande, akatazama tena, akavuta pumzi.

"Vitundu," akakiri. "Miaka kumi na tano kazini, mfupa haujawahi kunihadaa, ila leo."

Tambo, ambaye machozi yake yalikuwa yameshafika kopeni, alivimba kifua mpaka vifungo vya shati vikalalamika.

"Hata hivyo," mkaguzi akakaza sauti, "kutangaza pembe ni kosa. Huu mdomo wake tuuache hivihivi?"

"Mdomo wake nahangaika nao mwaka wa ishirini na sita huu," mama akamjibu, "na sijawahi kuomba msaada wa serikali. Wewe andika ulichoona kwenye kioo."