Sikio la Rebolo

Baba yangu, Eparquio Cassiani, alikuwa sikio la Rebolo. Mtaani kwetu hakuna aliyenunua spika, redio, hata kengele ya mlango, kabla Fundi Eparquio hajaisikiliza. Wenye mapiko, yale maspika marefu kama ukuta wa nyumba, yaliyochorwa simba na farasi, yanayotikisa mtaa kila Jumapili, walimtumia teksi kuja kumchukua. Alisimama mbele ya ukuta huo vifungo vya shati vikiwa wazi, macho kayafumba, na mama yangu nyuma yake, kiganja chake kikiwa mgongoni mwa mumewe. Kisha baba angesema, "Ongeza sauti za juu. Basi. Hapo katikati punguza." Na piko lililokuwa likifoka lingeanza kuimba.

Kiganja kile watu walikicheka.

"Everlides, mwache mzee apumue! Nani atamwiba huyo?"

"Nyie mnavyokata viuno mbele yake," mama angejibu, "nikimwachia dakika moja nitamtafuta kwa nani?"

Mke mwenye wivu. Ndivyo Rebolo nzima ilivyomjua mama yangu, na mimi pia.

Mimi nilitaka kazi moja tu duniani: kuchanganya muziki. Kukaa na gitaa, ngoma na sauti ya mwimbaji, kila kimoja mahali pake, mpaka viwe wimbo. Bwana Wilfrido Polo, anayewarekodia wenye mapiko nyimbo zao, alinipa mmoja wa kujaribu, mali ya piko linaloitwa El Relincho.

"Yuranis, binti yangu," alisema, "huu nikiusikia Jumatatu umekaa sawa, kiti cha kuchanganya pale ndani ni chako. Nikiusikia vibaya, rudi ukamsaidie mama yako kukaanga arepa, ile mikate yake ya mahindi."

Lakini wimbo wa piko ni siri. Hautakiwi kusikika na yeyote kabla ya Jumapili ya kwanza unapopigwa, na wapinzani hutuma watu wasimame chini ya madirisha ya watu kama wanangoja wachumba. Nyumba yetu ina ukuta mmoja na jirani na dirisha lisilofungika. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya spika. Nilihitaji hedfoni, za kufunika sikio lote sauti isivuje, na zenye kusema kweli. Na nilihitaji amplifaya, kwa sababu hedfoni nzuri ni kama lori, haziendi kwa injini ya pikipiki. Pesa zilikuwa laki tano za peso. Mama alizitoa kwenye bati la unga wa mahindi, akaziweka mkononi mwangu, akasema, "Hizo ndizo. Nyuma yake hakuna nyingine."

Halafu akavua aproni.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Naandamana nanyi."

"Mama, mimi na baba tunakwenda kununua vitu vya sauti."

"Nitabeba mfuko."

"Mfuko gani, mama? Ni boksi mbili. Na wewe na sauti wapi na wapi? Utasimama tu pale ukimshika baba mgongo watu watucheke."

Akaivaa tena aproni yake. Mimi nilidhani nimeshinda.

Dago anauza vifaa vya sauti katika soko la katikati ya Barranquilla, kwenye kibanda chenye feni tatu na zote hazifanyi kazi. Bidhaa zake ni nzuri na mdomo wake hauna kitasa. Ukimwambia siri wakati wa kahawa ya asubuhi, kabla ya chakula cha mchana imeshafika Soledad, mji wa jirani.

"Jamani, Fundi mwenyewe!" akapiga kelele alipomwona baba. "Na leo mlinzi wako hayupo? Bibi Everlides kakupa likizo?"

Baba akacheka, akampiga begani. Nilieleza ninachotaka na pesa niliyonayo. Dago akajikuna.

"Laki tano kwa vyote viwili? Mwali, wewe unataka kufuga ng'ombe kwenye kabati. Ama ununue hedfoni za maana usahau amplifaya, ama ununue vyote viwili na ukubali kila kimoja kina kilema chake."

"Leta vyenye kilema kidogo."

Akaleta hedfoni tatu. Za kwanza, nyeusi, ndizo nilizokuwa nimezisoma na kuziota. Nilizisikiliza kidogo tu na nikajua: kila kitu kilikuwa mahali pake, hata pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Nikampa baba. Akazivaa, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Bado."

Mimi nilikuwa nani nimpinge? Baba akavaa za pili, akasema tena, "Bado." Nikajilaumu kwa kujifanya najua.

Za tatu zilikuwa kubwa, za rangi ya shaba, zenye waya mnene. Baba akazivaa. Dago akaiwasha amplifaya, taa yake ya buluu ikawaka, akaanzisha wimbo, kisha akasema, "Ngojeni, plagi hii ni nene, nina kiungio chake mahali fulani," akatugeuzia mgongo na kuanza kuchakura kwenye droo.

Baba alikuwa ameshafumba macho.

Mguu wake ukaanza kupiga sakafu. Kichwa kikaufuata. Akatabasamu, lile tabasamu ambalo wenye mapiko walilipa teksi kuja kuliona.

"Hapa!" akasema kwa sauti kubwa. "Hapa sasa! Sikia besi hiyo inavyoingia mpaka kwenye mbavu! Na gitaa lile, mwanangu, gitaa linalia kama mjane!"

Nikaangalia waya. Ulitoka kwenye sikio lake, ukashuka kifuani, ukavuka kaunta, ukaishia karibu na kikokotoo cha Dago. Plagi ilikuwa imelala pale peke yake, inang'aa. Haikuwa imechomekwa popote.

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Kwanza nilidhani kuna kitu kuhusu vifaa hivi ambacho sijakisoma. Kisha nikaona mguu wa baba unavyopiga, kwa furaha, kwa uhakika, hakuna kitu masikioni mwake isipokuwa sponji. Baba yangu alikuwa anacheza ukimya.

"Nimekipata!" Dago akasema, akaanza kugeuka.

Kiganja changu kikatua juu ya plagi kabla kichwa changu hakijaamua chochote.

"Usihangaike," nikasema. "Tunazichukua hizi. Pamoja na amplifaya."

Dago akasimama na kiungio mkononi. "Zipi? Hizo? Mwali, wewe mwenyewe hujazisikiliza."

"Baba amesikia."

"Na mihuri ya boksi nikishaikata sirudishi pesa, unajua. Hapa hakuna kurudi."

"Kata."

Nilizihesabu noti za mama moja moja juu ya kaunta, mkono wa kushoto bado umefunika plagi kama mtu aliyemfunika panzi. Laki tano zikaisha. Zile nyeusi zilikuwa pale pale, kando, zinanitazama.

Tulirudi kwa miguu, baba mbele na boksi begani, anasalimia watu kwa mkono. Mimi nyuma. Kwenye kona ya muuza barafu nikasema, "Baba."

Akaendelea kutembea.

"Baba, nyumba inaungua."

Akampungia mkono muuza barafu.

"Baba! Naolewa na Dago! Nina mimba ya Dago, watoto wawili!"

Mwanamke mmoja akageuka kunitazama kwa huruma. Baba hakugeuka. Nilisimama katikati ya njia, jua limenikaa utosini, nikaona miaka yote imepinduka kama shuka: mama anayerudia kila neno la watu mezani, kwa sauti, uso kwa uso na baba; baba anayezungumza sana asiulizwe; baba anayeketi daima pale anapoona midomo ya kila mtu. Mbele ya piko angeweza kusimama maisha yake yote bila kugunduliwa, maana piko humwingia mtu kwa nyayo na kifua. Hedfoni tu ndizo zisizo na njia nyingine. Na mimi ndiye niliyempeleka kwenye hedfoni.

Mama alikuwa anageuza arepa kwenye mafuta. Aliangalia boksi, akaangalia uso wangu, akazima moto.

"Umejua," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu wewe una meno ya maziwa. Sauti za juu zilitangulia, zingine zikafuata. Mtu anayelala miguuni mwa maspika ujana wake wote, ulitaka abaki na nini?"

"Na mapiko? Yale yote aliyoyatengeneza? Nani alikuwa anasikia?"

Alifuta mkono wake kwenye aproni, akanigeuza, akaniwekea kiganja mgongoni, juu kwa sauti za juu, kisha chini kwa besi. Akaminya mara moja. "Ongeza," akasema. Akaminya mara mbili. "Punguza." Kisha akakifungua kiganja chote, kikatulia, chenye joto la jikoni. "Acha hivyo hivyo. Imekaa sawa."

Nilikaa chini, sakafuni. Mke mwenye wivu! Rebolo nzima ilimcheka mbele ya macho yake, mwaka hadi mwaka, na yeye amesimama pale anatengeneza muziki wao kwa kiganja. Na mimi nilimwambia nini asubuhi? *Wewe na sauti wapi na wapi.*

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme, halafu nani atamwita? Wangemhurumia. Baba yako ukimhurumia anakufa." Akafungua boksi. "Hebu tuone mlichonunua kwa pesa za arepa zangu."

Tukachomeka, safari hii kweli. Nikampigia wimbo wa El Relincho. Alisikiliza akiwa amesimama, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango wa jirani. Hata wimbo haujafika katikati akazivua.

"Hizi zinadanganya."

"Mama..."

"Besi zinaikuza. Wimbo umekonda, zenyewe zinauvalisha mito. Umedanganywa, mwanangu."

Nililia basi. Pesa imekwisha, Dago harudishi, Jumatatu Bwana Wilfrido anasubiri, na nimenunua uongo kwa ajili ya uongo. Mama aliniacha nilie mpaka ikamchosha.

"Umemaliza? Haya, kaa hapa. Hawa ni waongo wa jambo moja tu, na jambo lenyewe tunalijua. Besi usiipunguze mpaka ikupendeze. Iache ikuzidi, ikukere. Ukiona raha humu ndani, huko nje itakuwa mifupa mitupu."

Tukafanya kazi. Alizivaa, akanivika, akazivaa tena. Kiganja chake mgongoni mwangu: mara moja, mara mbili. Jirani aligonga ukuta kuuliza mbona leo nyumba imenyamaza hivi, kuna msiba?

Tulipoinua vichwa, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona mkewe na zile hedfoni kichwani, akaniona mimi. Akavuta kiti.

"Nilipouona mkono wako juu ya kaunta," akaniambia, "nikajua umefunika kitu. Mtu kama mimi huwa anaangalia mikono." Akaugusa mkono wangu. "Umelipa laki tano nisiaibike."

Nikaitika kwa kichwa, ili anione.

"Wimbo una pengo la salamu?"

Kila wimbo wa piko una pengo hilo, mahali ambapo gitaa linabaki peke yake na mtu anawasalimia wenye piko na marafiki zao. Nikaitika tena.

"Nipe mimi."

Jumatatu Bwana Wilfrido alisikiliza kwa maspika yake mazuri. Kwenye besi aliinua nyusi, akatabasamu. Kwenye salamu tabasamu likafa. Akasimamisha wimbo.

"Binti, hili likipigwa, mzee wako hataitwa tena na piko lolote. Unajua hivyo?"

"Anajua yeye."

Aliurudisha wimbo mwanzo, akausikiliza tena. Mwishowe akasema, "Kiti kile ni chako. Mungu atusaidie Jumapili."

Jumapili mchana El Relincho lilisimamishwa kwenye kona yetu, farasi wake mwekundu akiwa ametoa meno. Rebolo yote ilikuwepo, hata Dago na bia yake. Wimbo ukaingia na ardhi ikatingishika. Besi ilikuwa nene, safi, inabeba watu kiunoni. Baba alisimama mahali pake pa siku zote, shati wazi. Mama nyuma yake.

Gitaa likabaki peke yake. Kisha sauti ya baba yangu ikatoka kwenye ukuta ule, kubwa kuliko mtaa:

"Salamu kwa Everlides Torregrosa, sikio la Rebolo! Mlimwita mwenye wivu. Mimi Eparquio sisikii kitu, na miaka yote hii mlikuwa mkimsikiliza yeye!"

Watu waliganda. Mwanamke mmoja alibaki mkono juu, kiuno kimesimama upande. Chupa ya Dago ilikuwa mdomoni na hainyweki. Wimbo ukaendelea kuwapigia watu ambao hawakujua wafanye nini na miguu yao.

Baba hakuweza kuwasikia, wala kuwasikia walivyonyamaza. Alikuwa amefumba macho. Niliona mabega yake yakipanda, yakingoja. Na mama, mbele ya watu wote, akakifungua kiganja chake mgongoni mwa mumewe, akakiacha kimetulia pale.