Mama Mkwe Nyuma ya Shuka

Kama ulitaka Kasmiri akuchukie, ungesifia gari la mtu mwingine mbele yake. Tangu aliponunua pikapu kuukuu mwaka hamsini na nne, kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao, karani huyu wa duka la mpunga pale Ifakara alisahau kabisa kutembea. Nusura aende nalo hata chooni.

Basi shemeji yake Tekla alipotaka kuolewa huko Sanje, wiki ya pili baada ya Pasaka, ukoo mzima ulijipanga kupanda lori la Ponsiano, hata watoto wa Kasmiri mwenyewe. Mama mkwe wake, bibi Yosefina, alikwishawekewa nafasi nzuri mbele, karibu na dereva. Kasmiri akaja juu.

"Mama mzazi wa bibi harusi apande lori la magunia, na mimi mkwewe nina gari? Mnataka watu waniseme?"

Mkewe Balbina akamkumbusha jambo dogo tu: mila. Kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka majanini. Miaka yote ya ndoa, Kasmiri hakujua hata kama mama mkwe wake ana meno.

"Nimelifikiria," akajibu, kifua mbele. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na tundu, enzi za mzungu lilikuwa na kioo. Akaliziba kwa shuka. Kioo cha pembeni akakigeuzia porini. Mama na Balbina wakae nyuma na mbuzi wa harusi, yeye mbele peke yake na suti yake na kofia yake.

"Sikiliza, Baba Marselino," akasema Balbina. "Padri huja Sanje kwa nadra, na saa nne anaanza, hamngoji mtu. Mama asipomwona kitinda mimba wake akiolewa, mimi na wewe tutaonana wabaya."

"Ondoa shaka. Sisi ndio tutakaolipokea lori."

Wakaondoka alfajiri. Kibaoni walipita kwa honi, watu wakatoka milangoni kuangalia kuna nini, wakaona kofia. Ndani ya gari mazungumzo yalikwenda hivi:

"Balbina, muulize mama kama amekaa vizuri."

"Mama, umekaa vizuri?"

"Mwambie mwenzio mgongo unaniua."

"Anasema mgongo unamuua."

"Nimesik—" Kasmiri akajiuma ulimi, kwa sababu haifai kukiri kwamba umemsikia mama mkwe. "Mwambie pole."

Kiberege wakalikuta lori limesimama, linapakia magunia. Kasmiri akalipita kwa honi ndefu isiyo na adabu. Lakini moyo haukutulia. Ponsiano angeweza kumfikia wakati wowote. Basi akakata kona, akaingia njia ya mkato katikati ya mashamba ya mpunga.

"Hiyo ni njia ya baiskeli, tena ya kiangazi!" Balbina akapiga kelele.

"Dereva ni nani?"

Swali hilo lilijibiwa na tope. Gari likazama, magurudumu yakazunguka bure, mbuzi akalia. Kasmiri akatoa amri bila kugeuka: Balbina ashuke asukume, mama abaki juu, maana ni aibu mama mkwe kusukuma gari la mkwewe. Wakiisha kutoka, Balbina apande, agonge bati mara mbili, naye ataondoa gari. Wazo la yeye mwenyewe kushuka atie bega halikumjia akilini. Suti ilikuwa mpya.

Balbina akasukuma peke yake, wapi! Mara gari likatikisika vingine, likapata nguvu mpya.

"Usigeuke!" akalia Balbina. "Mama ameshuka, amepandisha kanga juu ya magoti!"

Loo! Kasmiri akakaza shingo mpaka ikamuuma. Gari likachomoka kama limechomwa mkuki, likapanda mahali pakavu, likasimama. Akangoja, macho mbele, mtu wa adabu zake. Bati likalia: ko, ko. Akakanyaga mafuta.

Mbuzi akapiga teke la tatu, lakini nani alikuwa anahesabu?

"Balbina, mwambie mama nashukuru kwa msaada wake." Kimya. Wamenuna, akajisemea. "Mwambie mama hii ndiyo Mang'ula." Nyuma ya shuka mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha kiutu uzima. Kasmiri akatosheka. Akaona hata kununa kwa mama mkwe wake kuna heshima fulani, akaendesha hadi Sanje akipiga mluzi.

Wanawake wakampokea kwa vigelegele. Kasmiri akashuka, akageukia ukuta wa kanisa kama mila inavyotaka, akasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Haya, mteremsheni mama."

Vigelegele vikakatika. "Mama yupi?" akauliza mmoja. "Huyu mwenye pembe?"

Mbuzi akakohoa.

Jasho likamtoka Kasmiri. Akarukia hendeli awashe gari arudi, likakataa. Akazungusha mpaka suti ikapasuka kwapani, na kengele ya kanisa ikalia. Akaingia, akasimama mlangoni.

Padri akamuuliza Tekla kama anamkubali Valeriani awe mume wake. Tekla kimya, macho yamejaa machozi, yanamtafuta mama yake kwenye mabenchi. Padri akauliza tena. Kimya.

"Binti, kama umelazimishwa sema. Ndoa ya lazima mimi sifungishi." Akawageukia maharusi wengine waliokuwa wakingoja zamu. Valeriani akawa anavutavuta mikono ya koti la kuazima. Kasmiri akaona giza. Harusi inavunjika, na Sanje mpaka Ifakara watasema imevunjwa na gari lake. Kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa na baiskeli tu.

Nje breki za lori zikalia. Bibi Yosefina akaingia, tope mpaka kiunoni, Balbina nyuma yake.

"Mjibu Padri, mwanangu. Nimefika."

"Ndiyo, Padri!" Tekla akapaza sauti mno, hata Padri akashtuka.

Baada ya misa Kasmiri alikuwa amerudi palepale ukutani, kisogo kwa watu, kofia mkononi. Watu wakajikusanya. Bibi Yosefina akasimama hatua chache nyuma yake, akamshika Balbina mkono.

"Mwambie mumeo ageuke."

"Mama! Na mila?"

"Mwambie ageuke anitazame, anitazame vizuri. Siku nyingine akiniacha kwenye tope, ajue amemwacha nani."

Hakuna aliyecheka. Kasmiri akageuka.