Kompyuta Ilisema Mercyline Hana Class

Naandika hii ili mzazi mwingine asirudishwe nyumbani na neno moja la Kiingereza kama nilivyorudishwa mimi. Nimesoma mpaka darasa la saba. Hiyo si aibu. Aibu ni ya yule aliyesoma kunipita na hakuuliza hata swali moja.

Msichana wangu Mercyline aliitwa shule ya upili hapa Nakuru, gredi ya kumi. Shule sitaitaja, kwa sababu sasa anasoma huko. Barua ilisema mtoto ambaye hatakuwa ameandikishwa kufikia Ijumaa saa kumi jioni, nafasi yake inapewa mwingine. Jumanne asubuhi tulikuwa kwa dirisha la karani, sanduku limepakwa jina, godoro limefungwa kwa kamba.

Karani anaitwa Bethwel. Aliandika namba ya Mercyline kwa kompyuta, akangoja, akakunja uso.

"Mathe, huyu hana class."

"Hana class aje, na barua ni yenu?"

Akanigeuzia skrini. Ilijaa maandishi mekundu. Akaweka kidole mahali pameandikwa ClassNotFound. "Ona mwenyewe. Class, not, found. Class haijapatikana. Si mimi nimesema, ni mashine."

 Mercyline alianza kufungua tai ya shule, tai mpya ambayo alikuwa amejifunza kufunga wiki nzima.

Mimi kwa ujinga wangu niliamini. Nilikimbia shule yake ya zamani, mwalimu akaandika barua na kupiga muhuri kwamba mtoto huyu alikuwa na darasa, na hakukosa hata siku moja. Jumatano nikaipeleka kwa dirisha. Bethwel akaisoma, akaandika namba tena, mekundu yakatoka tena.

"Barua iko sawa, mathe. Lakini system haimtambui."

Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee Kipkemei, ametoka Mau Narok na binti yake Cheruto. Naye ameambiwa vilevile, hana class. "Mama, mimi nimeacha viazi kwa shamba," akaniambia. "Kama hawamtaki, nitafanya nini?" Akabeba sanduku kwa bega, wakaondoka. Cheruto aliangalia nyuma mpaka getini.

Hapo ndipo hasira ilianza kunishika. Alhamisi nikamwambia Bethwel anichapie yale maandishi mekundu kwa karatasi.

"Ya nini?"

"Ya kupeleka mbele."

Hakuuliza mbele ni wapi. Alichapa haraka. Mbele ilikuwa kwa Chelangat, msichana mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale kwetu, ambaye amesomea kuandika programu. Alisoma mstari wa kwanza akacheka. Halafu akaniona uso, akaacha.

"Mama Mercyline, hii class si darasa."

"Ni nini basi?"

"Programu inaundwa na vipande vingi. Sisi tunaoandika, kila kipande tunakiita class. Seva, yaani ile inayoendesha system yao, imetafuta kipande chake imekosa, sasa inalia. Haijafika hata kwa jina la Mercyline. Kuna kitu walibadilisha hivi karibuni?"

Sikujua. Ijumaa saa tatu tulienda naye, foleni ikatufikisha dirishani saa saba. Bethwel alipotuona alisema, "Mathe, si nilikwambia."

"Sasa, boss," Chelangat akamwambia. "Hebu andika namba ya mwanafunzi ambaye yuko darasani saa hii."

Akaandika ya msichana wa gredi ya kumi na moja, kiongozi wa bweni. Mekundu.

"Huyo pia hana class?"

 Watu waliokuwa kwa foleni nyuma yangu walisogea karibu.

"Hii system ilifanya kazi vizuri mara ya mwisho lini?" Chelangat akauliza.

"Ijumaa iliyopita. Jumatatu tulihamia kompyuta mpya."

Ile ya zamani ilikuwa chini ya meza, imefunikwa na gunia. Bethwel akatufungulia mlango, Chelangat akaiwasha. Akafungua folda ya vipande kwa ile ya zamani, akahesabu faili thelathini na moja. Akafungua kwa mpya, akahesabu thelathini. Moja ilibaki nyuma walipokuwa wanahamisha. Bethwel akataka kuitafuta kwa mtandao, Chelangat akamkataza: chukua ileile iliyokuwa, toleo lingine linaweza kuleta shida nyingine. Akainakili. Bado mekundu.  "Seva haijui kama imeletewa," akasema, akaizima na kuiwasha upya.

Saa nane na nusu jina la Mercyline lilitokea, na darasa lake, na kitanda chake.

Mnafikiri nilifurahi? Nilimuuliza Bethwel tangu Jumanne amerudisha watoto wangapi. Akasema kumi na mmoja, Mercyline akiwemo. Kumi na mmoja, wote na barua, na hakujaribu hata namba moja ya mtoto aliye ndani.

"Nilidhani ni wale wanajaribu bahati, mathe."

"Leta kitabu cha geti, kina namba zao za simu. Piga."

Akasema ofisi itatoa tangazo wiki ijayo. Nikaketi juu ya sanduku la Mercyline, palepale mlangoni. Akapiga. Mzee Kipkemei alishika simu akiwa shambani. Kufika saa kumi haingewezekana. Bethwel akasema sheria ni mzazi awepo.

"Siku tatu umekubali neno la mashine bila kuuliza mzazi," nikamwambia. "Na leo kubali la mashine, inasema Cheruto ana darasa."

Alimwandikisha Cheruto. Na wengine wanane, mmoja mmoja.

Kwa hivyo wazazi, mkiambiwa mtoto hana class, msibebe sanduku. Mwambieni karani aandike namba ya mtoto mwingine mkiangalia. Ombeni karatasi.

Namba moja ya simu haijashika mpaka leo. Ni mama wa Kabazi, alikuja Jumanne na shuka la kijani, binti yake ana kovu juu ya jicho. Mwalimu mkuu amekubali nafasi imngoje mpaka mwisho wa mwezi. Kama unamjua, mwambie mtoto alikuwa na class.